Wiki Tisa Kwenye Rafu

Tulimzika Mzee Filbati Jumamosi iliyopita huko Murukulazo, kwenye shamba lake la migomba, na katika wote waliosimama kumsifu sikusikia hata mmoja aliyesema uongo. Walisema alikuwa mkuu wa maabara ambaye hakuwahi kupoteza sampuli ya mtu. Walisema alikuwa mkali wa kalamu na mpole wa mdomo. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na akina mama, nikala wali na maharage kwenye sahani ya plastiki, nikaitikia pale wengine walipoitikia. Sikulia. Mtu mmoja aliyefanya kazi nasi zamani aliniinamia akasema, "Pole, dada Anasta, najua alikuwa kama baba yako," nami nikamshukuru. Nilichokuwa nawaza wakati huo ni kwamba walioijua habari ya ile chupa hawakuwa wengi, na sasa nimebaki mwenyewe. Nilidhani nitasikia kitu, hofu au nafuu, chochote. Nilisikia miguu tu, kwa kuwa nilikuwa nimeikalia mpaka ikafa ganzi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo na cheti cha maabara, nimepangiwa hospitali moja wilayani Biharamulo. Nyumbani kwetu ni Bugarama, wilaya ya Ngara, lakini ya Bugarama sitayasimulia hapa. Nilipanga chumba kimoja na Leokadia, mwalimu wa darasa la tatu, mzaliwa wa Nyamiaga. Watu wa Ngara tukikutana Biharamulo tunajiona ndugu hata kama nyumbani hatukuwahi kusalimiana. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, pazia la kitenge katikati ambalo hatukulivuta hata siku moja, ndoo mbili za maji, na dirisha lililotazama zizi la mwenye nyumba wetu, Mama Kulwa, Msukuma aliyehamia na mumewe kutoka upande wa Shinyanga wakiwa na ng'ombe wao wote. Harufu ya zizi ilikuwa imekaa mpaka kwenye mito yetu. Leokadia alikuwa akisahihisha madaftari akiwa amelala kifudifudi, peni nyekundu mdomoni, akinisomea majibu ya watoto kwa sauti ya habari za redio. Mimi aliniita Daktari wa Choo, kwa kuwa siku nzima kazi yangu ilikuwa kuchunguza vikopo vya choo na mkojo. Ananiita hivyo mbele za watu, sokoni, kanisani, na mimi nacheka. Nilimpenda sana. Naliandika hapa wazi kwa sababu matendo yangu ya mwaka ule hayafanani na ya mtu aliyependa.

Uvimbe niliuona mimi. Ilikuwa Jumapili mchana, yeye amekaa chini kwenye mkeka, mimi nimekaa kitandani namsuka mabutu, na Mama Kulwa alikuwa ametuletea bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Leokadia alikuwa anatafuna na kusengenya mwalimu mkuu. Kidole changu kikapita chini ya sikio la kushoto, kikakuta kitu kigumu kama kokwa ya parachichi changa, hakisogei. Nikauliza kina muda gani. "Tangu Krismasi," akasema, "hakiumi, endelea kusuka." Nikaendelea. Nikamaliza mabutu yote, nikachukua michembe nikala, na bado naikumbuka ladha yake, tamu na ya vumbi kidogo. Kesho yake nikampeleka kwa daktari.

Kwetu, uvimbe wa shingo kwanza huitwa TB ya tezi, na mara nyingi huwa ni yenyewe. Daktari alimpima makohozi, akampiga picha ya kifua, hakuona kitu, akaamua kukata kinyama cha ule uvimbe kikapimwe. Kazi ya kupokea kinyama ilikuwa yangu. Nilikipokea kwenye chupa ya jemu iliyooshwa, nikakimiminia formalini, nikabandika plasta na kuandika jina lake kwa mwandiko wangu. Sasa, nyama ya TB ukiikata ndani hukuta utope mweupe kama maziwa yaliyoganda. Hii ilikuwa kavu, nyeupe, ngumu. Mimi si daktari, lakini macho ninayo. Nilisimama nimeishika ile chupa kwenye mwanga wa dirisha, na Mzee Filbati akaja akasimama nyuma yangu.

"Ya mwenzako?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi maabara ya Mwanza wataipaka rangi ya keratini," akasema, akavuta kiti, maana hakuwahi kufundisha akiwa amesimama. "Unajua keratini?"

Nilijua ya chuoni, kwamba ni protini ya kucha na nywele. Akaniambia hiyo ni nusu. Chembe za ngozi zinayo, na chembe zote za utando unaotanda ndani ya mwili zinayo pia, za koo, za nyuma ya pua, za mapafu, za matiti. Chembe za tezi hazina. Kwa hiyo saratani ikikutwa shingoni, mtu wa darubini huuliza kwanza imetoka wapi. Rangi ikishika na nyama ikawa ya kahawia, keratini ipo, basi huyo ni mhamiaji aliyetoka kwenye utando wa mahali pengine. Rangi isiposhika, kuna uwezekano ni saratani ya tezi zenyewe. "Ni kama mwenye nyumba wako," mzee akasema. "Hata akae Biharamulo miaka arobaini, akifungua kinywa kusalimia utajua katoka Usukumani." Akaniambia pia kilicho muhimu kwangu: ile ya tezi ilikuwa inasikia dawa za dripu, na wako watu waliopona kabisa. Ile ya kuhamia ilitaka mionzi, na mionzi wakati huo ilikuwa Dar es Salaam, na ilitaka kuwahiwa.

Nilipomweleza Leokadia jioni, tukiwa tunamenya ndizi, alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Kwa hiyo wanatafuta kama nimeota kucha shingoni?" Nikamwambia ndiyo, ni kama hivyo. Akaning'iniza ganda la ndizi chini ya sikio kama hereni, akatembea nalo chumbani akinionyesha mwendo wa mwenye kucha za shingoni.

Hospitali yetu ilikuwa na utaratibu wake wa kupeleka vinyama. Hakuna aliyeuandika popote, lakini kila mtu aliufuata. Tulikuwa na kisanduku cha mbao, kimewekwa maranda ya fundi seremala ili chupa zisigongane, chenye nafasi ya chupa kumi. Kisanduku hakikutoka mpaka kijae. Zikiwa tisa, tunangoja ya kumi. Zikiwa kumi tunakifunga kamba, anakabidhiwa kondakta wa basi, kinavuka kivuko cha Busisi, maana daraja lilikuwa halijajengwa, na Mwanza mtu anakipokea stendi. Mara nyingine kilijaa kwa wiki mbili, mara nyingine kwa mwezi. Hatukuona ubaya. Formalini inatunza nyama isioze, ndivyo tulivyojua, na nyama isiyooza tuliamini inaweza kungoja. Hatukujua, au tulijua na hatukutilia maanani, kwamba formalini ikizidi muda inaifunga nyama, inabana zile protini, na keratini inaweza kuwepo mle ndani lakini rangi isiifikie.

Siku kisanduku cha kwanza kilipojaa, chupa ya Leokadia ilikuwa ya kumi. Nilikuwa peke yangu. Nikaitoa, nikaiweka kwenye rafu ya dirishani nyuma ya chupa za rangi, na mahali pake nikaweka kinyama cha goti la mzee mmoja kilichofika asubuhi ileile. Nikajiambia goti lile lina haraka zaidi. Nikafunga kamba. Naandika haya taratibu kwa sababu nimejaribu miaka mingi kukumbuka nilihisi nini, na sipati kitu. Mikono ilifanya. Najua tu kwamba chupa ikiwa rafuni, jibu halipo, na jibu likiwa halipo, tunarudi nyumbani, tunapika, na yeye ananiita Daktari wa Choo. Kisanduku cha pili kilipojaa nikafanya vilevile. Safari ile sikuhitaji hata kujipa sababu.

Leokadia aliuliza mara mbili tu. Mara ya kwanza nilimwambia Mwanza wanachelewesha. Mara ya pili alikuwa amefunga kitambaa shingoni kwa sababu watoto wa darasani walianza kumwangalia, na nikamwambia visanduku ni vingi kule, wanafuata zamu. Akasema sawa, akaendelea kupiga pasi. Siku moja nilikuwa naanua nguo, nikamsikia Mama Kulwa ukutani upande wa pili akimwambia wifi yake, wanamenya viazi: "Huyu mwalimu shingo inakua, na yule wa hospitali wanalala chumba kimoja, hasemi kitu. Angekuwa ng'ombe wangu ningeshajua siku ya tatu." Wifi akauliza wanangoja nini. "Najua mimi?" akasema Mama Kulwa. "Labda hospitali hawana halaka." Niliikunja nguo yangu, nikaikunja na ya Leokadia, nikaingia ndani. Jioni ile Mama Kulwa alipotuletea maziwa nilimwamkia shikamoo kama kawaida, naye akaitikia marahaba mwanangu, akanitazama kidogo kuliko siku zote.

Chupa ilitoka wiki ya tisa, na si mimi niliyeitoa. Nilikuwa nimeenda kliniki ya kijijini kupima watu malaria, na Mzee Filbati akafunga kisanduku mwenyewe. Akiitafuta chupa ya rangi akaikuta ile ya jemu. Niliporudi alikuwa ananingoja mlangoni, miwani mkono mmoja, ile chupa mkono wa pili.

"Hii ilikuwa inangoja nini?"

"Nilisahau, mzee."

Alivaa miwani, akasoma jina kwenye plasta. Yeye alizaliwa Burundi, akaja akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, na alikuwa na namna ya kunyamaza ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. "Nimeandika tarehe ya kukatwa kama ilivyo," akasema mwishowe. "Wataona wenyewe. Siwezi kuandika nyingine." Hakunipeleka kwa mganga mkuu, hakunitolea mfano kwenye kikao. Kuanzia siku ile kisanduku kilitoka kila Jumatatu, hata kikiwa na chupa mbili, na wenzetu walidhani ni maagizo ya wilaya.

Majibu yalikuja kwenye bahasha ya kaki na mimi ndiye niliyeyapeleka kwa daktari. Niliyasoma njiani, ukumbini, nimesimama karibu na mizani ya watoto. Keratini haikuonekana. Alama ya chembe za tezi imeshika kwa udhaifu. Inaelekea kuwa saratani ya tezi. Nyuma ya karatasi, mstari mmoja kwa mwandiko wa mkono: nyama hii imekaa kwenye formalini kupita kiasi, majibu yachukuliwe kwa tahadhari, ikiwezekana akatwe upya. Niliusoma ule mstari nikauelewa wote. Daktari alikuwa anaelekea chumba cha upasuaji, mama mmoja wa uzazi alikuwa anamngoja. Akaisoma karatasi upande wa mbele akiwa anatembea. "Keratini hakuna," akasema. "Afadhali. Aende Mwanza wamwanzishie dripu." Akanirudishia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, daktari, geuza. Maneno mawili. Lakini angeuliza kwa nini imekaa kupita kiasi, na ningelazimika kujibu. Nikaibandika karatasi kwenye faili la Leokadia, upande wa mbele ukiwa mbele. Wiki hiyohiyo Mzee Filbati, aliyeletewa nakala ya majibu, aliniuliza, "Ule mstari wa nyuma umemwambia daktari?" Nikamwambia nimemwambia. Akaniamini, kwa kuwa hakuwa amezoea kudanganywa.

Leokadia alicheza. Alicheza katikati ya vitanda viwili, kanga kiunoni, akiimba "sina kucha shingoni, mimi sina kucha," na Mama Kulwa akaja kuchungulia, na alipoelezwa akapiga vigelegele bila kuelewa vizuri ni nini kinachoshangiliwa. Nilicheza nao. Tulikula kuku siku ile, tukamla wote mpaka shingo. Kisha akaanza safari za Mwanza, kila baada ya wiki tatu, akirudi amekonda, nywele nilizomsuka zikitoka kwenye mto kwa mafungu. Lakini uvimbe ulinywea. Mwezi wa kwanza ulinywea nusu, mwezi wa pili ukawa wa kutafuta kwa kidole. Nilianza kuamini kwamba nyama ilisema kweli na mstari wa nyuma ulikuwa adabu tu ya wasomi. Kuna majuma mazima nilipokuwa nalala vizuri. Sasa nafundisha vijana wa maabara, na huwaambia kwamba saratani inayohamia shingoni kutoka nyuma ya pua nayo husinyaa kwa dripu, kwa muda, kisha hurudi. Huwaambia kama jambo la kitabuni.

Mvua za vuli zilipoanza uvimbe ulirudi, na wa upande wa kulia ukatokea. Sikio la kushoto likaziba. Ikawa lazima nimwongeleshe nikiwa kuliani. Asubuhi moja alipiga chafya, damu ikatapakaa kwenye madaftari ya darasa la tatu. Wakakata kinyama kingine. Safari hii nilikaa na chupa saa mbili tu, nikapanda nayo basi mwenyewe mpaka Mwanza, nimeipakata. Siku ya nne daktari wa darubini, kijana mwenye sauti ndogo, aliniita nitazame. Keratini ilikuwa imeshika kila mahali, kahawia tupu, kama udongo wa barabara ya Nyamiaga mvua ikinyesha: mhamiaji, ametoka nyuma ya pua. Akaniuliza kama kuna sampuli ya kwanza. Nikasema ilikuwepo. Akasema, bila kunilaumu, maana hakujua anasema na nani, "Ile ya kwanza iliharibiwa na aliyeitunza."

Dar es Salaam walimpa mionzi, akamaliza duru moja, wakamrudisha nyumbani na karatasi iliyoandikwa apunguziwe maumivu. Je, ningewahi, angepona? Naulizwa swali hilo na mtu mmoja tu, mimi. Miezi minane ilipita kati ya ile chupa ya jemu na rangi ya kahawia. Wapo wanaowahiwa na hawaponi. Wapo wanaopona. Zaidi ya hapo sijui, na nimeacha kujifanya nitakuja kujua.

Alirudi kwa mama yake Nyamiaga, na mimi nikaomba likizo nikamfuata. Chumba chake kilikuwa safi, kimepakwa chokaa, kitanda kimesogezwa dirishani ili aone watu wanaopita kwenda mjini. Mama yake alikuwa anapika uji wa mtama, mwepesi, tunampa kwa kijiko cha chai. Bado alitania. Nilipoingia alisema, "Kumbe ninazo kucha," akaonyesha shingo, kisha akapumzika maana maneno hayo yalimchosha. Nilikaa siku tano. Tulikuwa hatuzungumzi sana. Nilikuwa namkata kucha za mikono, namfuta uso, namsomea barua ambazo watoto wa darasa la tatu walimwandikia, mojawapo ikimwomba arudi kwa sababu mwalimu mpya anachapa.

Siku ya sita nilikuwa narudi kazini. Asubuhi mama yake alitoka kwenda kuchuma maharage, nikahamia upande wa sikio lake zima, nikamwambia. Nilisema yote mfululizo, kisanduku cha kwanza, cha pili, Mzee Filbati, mstari wa nyuma wa karatasi. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayesoma orodha. Nilimwambia chupa yake ilikaa wiki tisa dirishani na kwamba niliiweka mimi.

"Niliiona," akasema.

Sikuelewa. Akasubiri pumzi, akaendelea.

"Nilikuja maabara kuchukua ufunguo wa chumba, ulikuwa umekwenda kantini. Nikaiona nyuma ya machupa yako. Ina jina langu. Nikaja tena juma lingine, nikachungulia, iko palepale."

"Leokadia, mbona hukuniambia?"

Alinitazama kama walimu ninaowajua wanavyomtazama mtoto aliyeuliza jambo rahisi. "Ningekuambia nini? Wewe ndiye mwenye kazi yako. Nilisema, ingekuwa na haraka, Anasta angeshaipeleka."

Nilitaka aseme alinyamaza kwa kuogopa, kama mimi, ili tuwe wawili. Hakuwa ameogopa. Aliiacha chupa pale aliponikuta nimeiweka, akarudi shuleni kufundisha. Nilibaki nimeshika mkono wake na sikuweza kulia, na yeye akafumba macho, akaniomba nimgeuze ubavu.